Aliyekwenda Kuposa Akarudi na Dume

Wapo wanaume wanaokwenda kuposa wakarudi na jibu, na wapo wanaokwenda kuposa wakarudi na matusi. Eliya alikwenda kuposa akarudi na dume la ng'ombe.

Na dume lenyewe halikuwa la kufichika. Lilikuwa jekundu, lenye baka jeupe usoni, limefungwa kwenye mwarobaini nyuma ya kibanda chake cha video pale Segese, na lilikuwa na tabia ya kulia kila filamu ilipofika patamu. Asteria alilijua tangu likiwa ndama. Lilizaliwa kwao, wakalipa jina la Bwana Shamba kwa jinsi lilivyopenda kukagua mahindi ya majirani.

"Hebu niambie, Eliya," alimuuliza siku alipolikuta pale kwa mara ya kwanza, mikono kiunoni. "Ulikwenda kuniposa mimi, au ulikwenda mnadani?"

"Asteria, maneno yalinikauka."

"Yalikukauka wewe? Wewe unayesemea majeshi mawili na malaika juu yake?"

Eliya akatazama viatu vyake. Asteria akaondoka bila kuaga, na tangu siku ile hawakuwa wamesemeshana.

Ajabu ni kwamba Segese yote ilimjua Eliya kwa mdomo wake. Filamu zilikuja kutoka Uchina, Korea na India, na yeye aliketi kando ya runinga na kipaza sauti, akazigeuza Kiswahili papo kwa papo. Alikuwa jambazi, akawa polisi, akawa bibi kizee anayemlilia mjukuu, na gari likipiga honi alipiga yeye. Wachimbaji waliotoka machimboni na vumbi lao hadi kwenye kope walilipa kiingilio kumsikia yeye, picha zilikuwa nyongeza tu. Ila ukimnyang'anya kile kipaza sauti, ulibaki na kijana mrefu, mpole, mwenye macho mazuri, asiyeweza kuagiza chai bila kutokwa jasho.

Basi alipofika kwa Mzee Ngassa, baba yake Asteria, mambo yalikwenda hivi. Alipokewa vizuri, maana kwa Wasukuma mgeni haulizwi shida yake kabla hajala. Akapewa kigoda, akala ugali, akanywa maziwa ya mgando. Kisha mzee akajifuta mdomo, akamtazama usoni. "Haya, kijana. Umefuata nini kwangu?" Eliya akafungua kinywa, neno likagoma. Akageuza macho kutafuta msaada, macho yakaangukia zizini, na kule zizini Bwana Shamba naye alikuwa anamtazama.

"Nimekuja kuona ng'ombe, baba," akasema.

Kumwambia mfugaji wa Kisukuma maneno hayo ni sawa na kumwambia mzazi kwamba umekuja kumwona mtoto. Mzee Ngassa alimshika mkono, akamzungusha zizini mpaka jua likapinda, akamsimulia kila ng'ombe na mama yake na bibi yake. Muda wa kuaga ulipofika, Eliya aliona haya kuondoka mikono mitupu. Akiba ya spika mpya ikabaki kwa mzee, kamba ya dume ikabaki mkononi mwake.

Kibaya zaidi, mzee alimpenda.

"Yule mwanamume wako uliyesema atakuja hakutokea," alimwambia Asteria jioni ile, kwa huzuni kidogo. "Alikuja mnunuzi tu. Kijana mtulivu, anasikiliza. Watu wanaosikiliza wamekwisha siku hizi, mwanangu. Afadhali ungepata mtu kama yule."

Asteria, aliyekuwa ameshaliona dume kwa Eliya, alitaka kusema. Lakini angesemaje? Kwamba yule anayesifiwa na yule anayelaumiwa wana shati moja? Kwamba mpenzi wake alimwogopa baba mtu mpaka akanunua ng'ombe? Akanyamaza. Na kwa kuwa mwanamume wake "hakutokea", mzee akatuma neno kwa Wiliam, mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu kule Runzewe, kwamba Jumapili aje na wazee wake kuposa. Wiliam alikuwa mtu mwema asiye na kasoro ila moja: hakuna aliyewahi kumsikia akimaliza kuongea.

*

"Leo Ijumaa," Philomena alimkumbusha Asteria. Wawili hao walisuka nywele katika saluni moja, Philomena na yeye, na mikono ya Philomena haikusimama hata alipokuwa anaingilia maisha ya watu. "Keshokutwa Wiliam anaingia kwenu na wazee wake na maneno yake. Unangoja nini?"

"Naenda sasa hivi kumwambia Eliya tumeachana."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Ukimwona huyo kaka huwa unacheka kama umemwagiwa maji. Hebu nenda, nikuone."

Asteria akavua aproni, akajitazama kwenye kioo, akapaka mafuta ya midomo. Philomena akakohoa.

"Mdomo umekauka tu," Asteria akasema.

"Hata sijauliza."

Alivuka barabara ya vumbi akiwa amekunja uso vizuri kabisa, uso aliokuwa ameufanyia mazoezi. Ukakunjuka mwenyewe alipofika mlangoni mwa kibanda. Ubao wa matangazo ulikuwa umeandikwa kwa chaki, kwa mwandiko ule wa Eliya unaolalia upande mmoja: LEO SAA NANE. KATUNI MPYA KUTOKA JAPANI. WACHUNGA RADI. SEHEMU TATU ZOTE ZILIZOTOKA.

Katuni ile aliigundua Asteria mwenyewe. Aliianza kwenye simu siku moja akisubiri dawa ishike kichwani mwa mteja, na ilimnoga hata akamsahau mteja mwenyewe, mama wa watu akatoka na nywele rangi ya karoti. Ilikuwa hadithi ya dunia iliyo juu angani, ambako mitambo na uganga vimepikwa chungu kimoja. Watu wa huko hufuga madume makubwa ya chuma yanayokula mawingu na kuweka radi ndani ya nundu zao, na radi hiyo ndiyo taa ya miji. Kulikuwa na binti mchungaji, kulikuwa na kijana fundi anayetengeneza taa kwa spana mkono huu na hirizi mkono huu, na kulikuwa na birika la chai linaloruka na kugombeza kila mtu. Asteria hakujua kwa nini birika lile lilimtoa machozi. Alijua tu kwamba sehemu ya tatu ilipokwisha alikaa na simu mkononi, anatabasamu peke yake.

"Ilete kibandani," alimwambia Eliya wakati ule bado wanasemeshana.

"Wachimbaji hawaangalii katuni, Asteria. Wanataka ngumi."

"Wachimbaji wanashinda chini ya ardhi. Waletee kitu chenye anga."

Kumbe alisikiliza. Bwana huyu hakuweza kumwambia mzee neno moja, lakini alisikiliza. Asteria alisimama mbele ya ubao ule, hasira ikimteleza mkononi kama sabuni.

"Asteria?"

Aligeuka. Pikipiki ilikuwa imesimama nyuma yake, na juu ya pikipiki, na kofia yake ya pama na fimbo yake mkononi, alikuwa Mzee Ngassa.

"Sh-shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimekuja kumjulia hali Bwana Shamba. Nimesikia eti anaishi nyuma ya sinema, na mimi nilidhani amekwenda kwenye majani. Nimeelekezwa hapa." Akashuka, akamtazama binti yake kuanzia kichwani hadi kwenye ile midomo inayong'aa. "Na wewe? Umefuata nini hapa?"

Lile lile swali, kwa sauti ile ile. Asteria akafungua kinywa. Ukweli wote ulikuwa pale, umejipanga kwenye ulimi. Akageuza macho pembeni, macho yakaangukia ubao.

"Nimekuja kuona katuni, baba," akasema.

Papo hapo akamwelewa Eliya. Alimwelewa kabisa, mpaka masikio yakamwaka moto.

"Katuni," mzee akarudia. "Haya. Na huyo mnunuzi wangu yuko wapi?"

"Yupo ndani, mkuu," akadakia Marwa, mchimbaji mmoja mkubwa wa Kikurya aliyekuwa akisubiri mlangoni, ambaye hakuwahi kukosa onyesho. "Lakini onyesho linaanza. Akishaanza hakatishwi. Ingia ukae, likiisha utamwona."

*

Ndani kulikuwa giza na joto na harufu ya karanga. Mzee Ngassa alipewa benchi la mbele kwa heshima ya umri wake, Asteria akaketi ubavuni mwake, roho juu. Eliya alikuwa pembeni ya runinga na visikilizio masikioni, amewapa mgongo. Asteria aliutazama mgongo ule. Alikuwa amekuja kuuaga, na sasa aliuombea kwa Mungu usigeuke.

Picha ikawaka. Anga la zambarau likajaa kwenye runinga, na madume ya chuma yakatoka mawinguni, moja baada ya jingine, nundu zikimetameta.

"Mabibi na mabwana," sauti ya Eliya ikafurika kibandani, nene na tamu, "karibuni katika nchi ambayo umeme haukatiki, ila ng'ombe akichukia!"

Watu wakashangilia. Mzee Ngassa akainama mbele.

"Yale ni madume?"

"Ndiyo, baba."

"Yanakula nini?"

"Mawingu."

"Ndiyo maana yamekonda miguu." Akanyoosha fimbo. "Lile la pembe ndefu linachechemea. Mbona hawalioni? Mguu wa nyuma, kushoto. Nyie! Mguu wa nyuma!"

"Mzee, hawakusikii," Marwa akanong'ona.

Lakini haikupita muda mchungaji wa kwenye picha, yule binti ambaye Eliya alimpa jina la Mbula, akaliona dume lile na kuushika mguu wake wa nyuma wa kushoto. Kibanda kizima kikamgeukia Mzee Ngassa kwa heshima mpya. Mzee akavua kofia, akaiweka magotini. Alikuwa ameshanaswa.

Sehemu ya kwanza ikaisha, ya pili ikaingia. Birika lilipotokea na kumkaripia fundi, Eliya alilipa sauti ya mama mkwe, na watu walicheka hadi benchi la nyuma likavunjika. Mzee alicheka akipangusa macho.

"Huyu anayesema ni nani?" akauliza.

"Ni DJ, baba."

"Ana ulimi! Mtu mwenye ulimi kama huu hawezi kukosa mke."

Nyuma ya ukuta wa mabati Bwana Shamba alilia, na mzee akainua kidole. "Huyo ni wangu," akawaambia majirani wa benchi kwa fahari. "Alikuwa wangu."

Ikaja sehemu ya tatu, na Asteria akaanza kuhesabu pumzi, kwa sababu alijua kinachokuja. Fundi anampenda Mbula. Anapanda ngazi ndefu hadi kwa baba yake Mbula, mzee wa madume, ambaye Eliya alimwita Mzee Mapembe. Anasimama mbele yake. Picha ikawa nyeupe kwa mwanga wa radi, kibanda chote kikamulikwa, na Eliya, kama desturi yake, akageuka kidogo kuona watu wake wanaipokeaje.

Akamwona Mzee Ngassa.

Kipaza sauti kilitoa mlio kama wa mbuzi. Kwenye runinga, kijana alisimama mbele ya mzee. Mzee alimtazama kijana. Hakuna aliyesema kitu.

"DJ!" Marwa akapaza sauti. "Kulikoni? Anasema nini?"

"Sema, DJ!" wengine wakadakia. "Tumelipa!"

Asteria alijua jambo ambalo mle ndani hakuna aliyelijua ila yeye na Eliya: kwamba pale, katika katuni yenyewe, kijana yule hasemi kitu. Anainamisha kichwa tu, na muziki unapiga. Eliya angeweza kuuacha muziki upige. Hakuna ambaye angemlaumu.

Macho yao yakakutana. Asteria hakujua uso wake ulikuwa unasema nini wakati ule. Ule uliokunjwa kwa mazoezi ulikuwa umeshapotea zamani. Alichokuwa nacho moyoni ni neno moja: sema. Sema, mpenzi wangu, kwa maana mimi mwenyewe nimeshindwa.

Eliya akakileta kipaza sauti mdomoni.

"Mwadila, baba," akasema, salamu ya Kisukuma ya mchana.

"Mwadila," akajibu Mzee Ngassa, kwa mazoea, na kibanda kikaangua kicheko.

Eliya hakucheka. Sauti yake haikuwa ya jambazi wala ya bibi kizee. Ilikuwa ndogo, inatetemeka, na Asteria aliijua. Ndiyo aliyomsikia akiitumia wakiwa wawili tu.

"Mzee wangu, siku ile nilikuja kwako na neno moja kifuani, nikaondoka na dume."

"Dume gani?" Marwa akanung'unika. "Mbona hatukuliona?"

"Kaa kimya wewe!" benchi zima likamzomea.

"Nilikuogopa," sauti ikaendelea. "Si kwamba wewe ni mkali. Ulinipa kigoda, ukanipa maziwa, ukanionyesha kila ulicho nacho. Nikaona aibu kukuomba kile unachokipenda kuliko vyote. Mimi mzee wangu sina zizi. Kazi yangu ni kusema maneno ya watu wengine. Lakini haya ni yangu. Nampenda binti yako. Akicheka mimi husahau nilichokuwa nasema, na mtu kama mimi akisahau la kusema amekwisha. Ukinikatalia, nitakushukuru kwa maziwa. Ila usiseme sikuja. Nilikuja, baba. Nilikuja."

Mchimbaji mmoja nyuma alipenga kamasi. Kwenye picha, Mzee Mapembe aliinua kichwa chake polepole, akamtazama kijana, akafungua mdomo—

Na sehemu ya tatu ikaisha. Wimbo wa kufungia ukaanza.

"Aaaah!" kibanda kikalia kwa pamoja.

Mzee Ngassa alikuwa amesimama. "Amejibu nini? Yule mzee amejibu nini?"

"Bado haijatoka, mkuu," Marwa akasema kwa uchungu. "Ya nne inatoka wiki ijayo."

"Wiki ijayo? Mtu ameulizwa neno zito namna ile, ajibu wiki ijayo?" Akapiga fimbo chini, akamwendea DJ ili apate maelezo, na kwa mwanga wa runinga akauona uso wake. Akasimama. "Wewe si mnunuzi wangu?"

Eliya alisimama akavua visikilizio. Jasho lilikuwa linamtiririka. Alifungua kinywa, akakifunga, akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Mzee akageuka.

"Asteria. Katuni hii ulikuwa umeshaiona?"

"Ndiyo, baba. Kwenye simu."

"Yale maneno ya kijana. Yamo?"

Sasa zamu ilikuwa yake. Hapakuwa na zizi la kutazama wala ubao. Asteria akasimama na safari hii akasema.

"Hayamo, baba. Pale kijana ananyamaza. Kuna muziki tu. Yale ni maneno ya Eliya, na aliyekuja nyumbani siku ile ni yeye. Mnunuzi wako ndiye mwanamume wangu. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa, kama yeye. Nampenda, baba."

"Mungu wangu," akasema Marwa, akarudi nyuma akaketi, na ndipo alipokumbuka kwamba benchi la nyuma ndilo lililovunjika.

Hakuna aliyemcheka. Wote walikuwa wanamtazama Mzee Ngassa, kama walivyokuwa wakimtazama Mzee Mapembe. Yeye alivaa kofia yake taratibu, akaiweka sawa.

"Dume liko wapi?" akauliza.

Eliya akaonyesha kwa kidole.

Mzee akatoka. Wakamfuata hadi nyuma ya kibanda, kundi zima, wakifinya macho kwa jua la mchana. Alimzunguka Bwana Shamba, akampapasa mbavu, akamkagua kwato. Kisha akafungua kamba kwenye mwarobaini, akaizungusha mkononi, akaanza kuondoka na dume lake kuelekea barabarani. Hakumtazama Eliya. Asteria aliona dunia inazima. Basi. Anamrudisha ng'ombe, biashara imevunjika, na Jumapili Wiliam anakuja na maneno yake yote.

"Baba!" akaita, machozi yakimlenga. "Baba, hilo dume ni la watu. Alilinunua."

"Najua alilinunua."

"Sasa unalipeleka wapi?"

Mzee Ngassa akasimama. Akageuka nusu, na Asteria akaona ndevu zake zinacheza kwa kicheko alichokuwa anakibana tangu ndani.

"Nyumbani," akasema. "Ng'ombe wa mahari hafungwi nyuma ya sinema. Huyu ni wa kwanza, atawasubiri wenzake zizini. Wiliam nitamwambia amechelewa, akinipa nafasi ya kusema." Akamwelekezea Eliya fimbo. "Na wewe, tafuta mshenga mwenye mdomo. Usije tena peke yako, utaninunulia boma lote. Na hiyo ya nne ikitoka, mniite. Nataka kuona kama yule mwenzangu ana akili."

Akaondoka na Bwana Shamba, wachimbaji wakiwafungulia njia wote wawili, Marwa akipiga vigelegele asivyovijua.

Eliya alimgeukia Asteria. Alikuwa anacheka, macho yamejaa. Akafungua kinywa aseme kitu, kitu kikubwa bila shaka, kitu alichokuwa amekiweka siku zote hizo. Hakikutoka. Ndani ya kibanda kitupu wimbo wa kufungia ulikuwa bado unapiga.

Asteria akamshika mkono.

"Usiseme," akamwambia. "Hapa kuna muziki tu."